Harambee ya Mama Muriuki

Ushawahi kuona mtu ameshika maiki, analia machozi ya kweli, anamwombea mamake pesa, na yeye mwenyewe ndiye amemkosesha pa kulala?

Mimi nimeona. Ni kaka yangu wa tumbo moja.

Naitwa Wairimu. Nafanya kazi ya kutunza wagonjwa Saint Paul, kama nusu ya Wakenya wa huku ughaibuni.

Mama alikuwa na nyumba yake Woodbury, mji wa jirani, aliinunua kwa jasho lake. Alipoanza kuangukaanguka nilihamia kwake. Miaka mitatu nimemwosha, nimempikia uji, nimemvalisha soksi.

Kaka yangu Muriuki, kifungua mimba, anakaa Eden Prairie. Tulikuwa tunamwona Krismasi, na keki ya dukani.

Mwaka jana akaita kikao cha familia, pasta akiwepo.

"Mama akihitaji kituo cha wazee, serikali itachukua hii nyumba," akasema. "Lazima tuitoe kwa jina lake, haraka."

Iandikwe jina la nani? Hakuna aliyeuliza. Kwetu kijana wa kwanza ndiye mwenye boma, imeisha hiyo. Pasta Eliezer akaomba, mimi nikachemsha chai, tukapiga vigelegele. Mama akaweka sahihi.

Haikupita muda, Mama akapata stroke.

Upande mmoja ulilala, maneno yakawa mazito kutoka. Akili iko sawa kabisa. Daktari akasema sasa ni kituo cha wazee tu.

Mnajua bei ya vile vituo? Mwezi mmoja unameza mshahara wangu wote na bado unadaiwa. Kaunti, yaani serikali ya hapa, hulipa, lakini kwanza inakupekua. Ukiwa na mali, utumie yako kwanza. Na wanaangalia miaka mitano nyuma. Kama uligawa kitu bure, wanakihesabu kana kwamba bado unacho, wanakaa miezi bila kukulipia.

Tukanyimwa. Nyumba ilikuwa imegawiwa bure.

Kituo nacho kikatupa notisi: mlipe, ama mje mumchukue. Nimchukue nimpeleke wapi? Muriuki alikuwa ashaniambia nihame, anataka kuweka wapangaji. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja, ghorofa ya tatu, hakuna lifti.

Nikaenda ofisi ya kaunti peke yangu. Mama mmoja mfanyakazi wa hapo akanieleza polepole.

"Nyumba ikirudi kwa jina la mama yako, ile adhabu ya kutolipiwa inaondoka, na nyumba aliyokuwa akiishi haitamzuia kulipiwa. Na ni nani alikuwa anaishi naye?"

"Mimi. Miaka mitatu."

Akavua miwani. "Basi sheria ingeruhusu wewe upewe hiyo nyumba bila adhabu yoyote. Mtoto aliyeishi na mzazi angalau miaka miwili, akamtunza mpaka akachelewa kuingia kituo. Huyo ni wewe. Si kaka yako."

Nilikaa kwa gari nikalia. Sikumwambia mtu hata mmoja. Nyumba sikuitaka, nilitaka Mama abaki na kitanda chake kituoni. Nikampigia Muriuki.

"Rudisha nyumba kwa jina la Mama, kaunti ilipe."

"Wairimu, wacha kupanic. Nimepanga harambee."

Harambee, wallahi!

Ikafanywa kwenye ukumbi wa kanisa. Mama akaletwa kwa wheelchair, amefungwa leso mpya, akaegeshwa karibu na kapu la michango ili watu wamwone vizuri. Muriuki akashika maiki.

"Huyu mama alinizaa kwa uchungu! Msimwache aaibike!"

Analia, kamasi zinatoka. Na watu wanatoa. Wamama wanaofanya shifti mbili kwa siku, migongo imekufa, wanatoa.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama.

"Muriuki, hatuhitaji hata senti ya hawa watu. Rudisha nyumba, kaunti italipa."

"Kaa chini, unatuaibisha."

"Rudisha nyumba ya Mama."

"Ili wakuandikie wewe? Eti kwa sababu ulilala kwake miaka miwili ukimpikia uji?"

Hiyo habari ya miaka miwili mimi sikuwa nimemwambia yeyote. Alikuwa ameitoa wapi?

Mke wake, Susan, akainuka polepole.

"Baba Natasha, ulijua?"

"Niliuliza tu mtu wa kaunti..."

"Uliuliza lini?"

Muriuki akageukia kapu la michango.

"Baba Natasha, ni lini?"

"Kabla ya kile kikao."

Kabla! Alijua nyumba ingeweza kuja kwangu kihalali. Alijua akiichukua yeye, Mama ndiye atakayeumia. Akachukua. Na akatuletea pasta tuiombee. Shenzi kabisa.

Pasta Eliezer alimnyang'anya maiki. Watu wakapanga foleni tena kwa kapu, safari hii kila mtu anachukua chake. Shangazi mmoja akataka kumwekea Mama zake mapajani, nikaruka.

"Shangazi, usimpe! Hizo pia watazihesabu!"

Watu wakacheka, hata mimi, na hasira zangu zote.

Jumatatu Muriuki alirudisha nyumba. Susan ndiye alim-drive mpaka mlangoni pa kaunti. Muriuki hakuomba msamaha. Aliniuliza tu kama sasa nimefurahi.

Jamani, kama mzazi wenu anazeekea huku, nendeni kaunti mkaulize mkiwa wote, kabla ya mtu yeyote kuweka sahihi. Na yule anayekimbia sana kuokoa mali ya mzazi, muulizeni alimwosha mzazi lini.

Kaunti ikaanza kulipa, na Mama bado ana kitanda chake kituoni. Jumapili Pasta alikuja kumwona, akamsalimia vile kila mtu amemwita tangu nizaliwe.

"Mama Muriuki, habari yako?"

Mama akatikisa kichwa. Alihangaika na maneno mpaka jasho likamtoka, na Pasta akangoja.

"Mama Wairimu," akasema.