Nilimficha Baba Maneno ya Daktari

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, mwalimu wa shule ya msingi huku Simbo, Kigoma. Ninayeandika habari zake ni baba yangu mzazi, fundi wa mashine za boti kule Kagunga.

Baba alikohoa muda mrefu, tukadhani ni TB. Vipimo vya TB vikaja safi, tukapewa rufaa ya Dar. Nilimpeleka mimi. Siku ya majibu baba alikuwa chumba kingine akitolewa damu, daktari akaniambia ni saratani ya mapafu, nayo imeshafika kwenye ubongo na mfupa wa nyonga.

Nililia. Akasema, "Sikiliza, mwalimu. Ni sehemu mbili tu, tena ndogo. Zikiwa chache hivi tunaweza kuzilenga kwa mionzi, huku anatumia dawa. Siahidi atapona, ila wengine wanaishi muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Mrudishe ndani ya wiki mbili."

Nikamwomba aniachie nimwambie baba mimi mwenyewe tukifika nyumbani.

Tulipofika Kagunga nikaanza na kaka yangu mkubwa. Yeye alisikia neno moja tu: imesambaa. "Saratani ikishasambaa ni kuzika tu," alisema. "Unataka mzee akafie kwenye mashine za watu? Muache kwake." Shangazi zangu wakamuunga mkono. Nilijaribu kueleza, wakasema nimedanganywa.

Jioni baba akaniuliza, "Mama, daktari kasemaje?"

Nikamjibu, "Kasema upumzike, baba. Mapafu yamechoka na moshi wa mashine."

Akacheka, akashukuru Mungu. Kesho yake akarudi kazini.

Huu ni mwezi wa tatu tangu turudi. Wiki iliyopita alianguka akifungua injini, mkono wa kushoto hauna nguvu tena. Nilimpigia daktari kwa siri. Akasema, "Mleteni apimwe upya. Siwezi kusema kama bado ni sehemu mbili."

Kaka anasema nikifungua mdomo nitamuua baba kwa presha. Na baba jana kaniuliza tena, safari hii hacheki: "Mwanangu, mbona siku ya kurudi Dar siisikii?"

Nikatoka nje.

Nikimwambia, atajua kulikuwa na nafasi na binti yake ndiye aliyeificha. Nisipomwambia, anaondoka nami namtazama. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngemwambiaje mzee huyu? Nishaurini, msinionee haya.