Siku Mbili za Bata Mzinga

Mama yangu alinipa yule bata mzinga jike nilipoolewa kutoka Ishiara kuja Ruiri. Miezi mitatu baadaye mama akafariki. Kwa hiyo mtu asiniambie eti alikuwa ndege tu.

Alitaga vizuri, halafu akagoma. Aling'ang'ania kiota kitupu, ukimsogelea anafura na kukudonoa. Mama mkwe akafanya walivyofanya wote pale: akamfunika kwa kapu siku tatu, maji tu, ati njaa imsahaulishe kuatamia. Alipofunuliwa, akiwa amekonda, alirudi kiotani moja kwa moja.

"Wageni wa posa ya wifi yako wanakuja baada ya wiki mbili," akasema mama mkwe. "Asipotaga kufikia hapo, tunamchinja."

Nilichemka! Nikamfuata afisa wa mifugo sokoni.

"Njaa ndiyo mnayokosea," akaniambia. "Mwili ukikosa chakula, homoni za kutaga zinashuka, na ile ya kuatamia haimwachi. Mtoe kiotani, mweke penye mwanga, mlishe vizuri."

Nikamjengea kizimba cha fito, sakafu imeinuliwa upepo upite chini. Nikampa mahindi, dagaa wa omena, majani ya kunde na maganda ya mayai niliyoyaponda. Mama mkwe alinitazama akisonya. Kila asubuhi nilipapasa mifupa yake ya nyuma, ile inayoachana yai likikaribia. Wiki ya kwanza kidole kimoja kilipita katikati yake kwa shida. Siku ya kumi, viwili. Mkesha wa wageni, vitatu!

"Mama, sasa vidole vitatu vinapita, anakaribia kutaga. Nipe siku mbili tu."

"Mwari, wageni hawali vidole."

Mume wangu alimchinja asubuhi, bila kunitazama. Nikamnyonyoa mwenyewe, machozi yakinitiririka, sikujificha. Mama mkwe akapasua tumbo, akaingiza mkono. Alitoa kishada cha viini vya manjano, vidogo kwa vikubwa. Nyuma yake kulikuwa na yai zima, ganda bado laini, lenye joto.

Akaliweka kiganjani mwangu.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza polepole.

"Nilikuambia, Mama."

Wageni walikuwa wameshafika langoni wakipiga hodi, na hakuna kati yetu aliyeinuka kuwafungulia.