Matanga ya Njaa ya Ayalandi

Juzi nilipita Jakobsberg, mtaa niliokulia huku Uswidi. Nilikuwa nimempeleka mama kwa daktari wa meno, na wakati namsubiri nikaona nipande hadi jengo letu la zamani, kuangalia tu. Rafiki yangu, nilisimama pale ghorofani kati ya milango miwili, uliokuwa wetu na uliokuwa wa jirani, nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu. Mtu akaja kunichungulia kwenye kitundu cha mlango, akaondoka zake. Ngoja nikwambie kilichonichekesha.

Bibi, mzaa mama, alitufuata Uswidi nikiwa darasa la sita. Mrundi, lakini alikaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa cha huko. Kambini walimwambia Ulaya ni raha mustarehe, na raha kweli aliiona: maji ya moto, lifti, mkate uliokatwa tayari. Alichokosa ni salamu. "Jua limefika utosini, na hakuna aliyeniuliza nimeamkaje," alikuwa akisema. Majirani zetu walichungulia kwanza kuhakikisha ngazi hazina mtu ndipo watoke. Bibi akaligundua hilo, akawa anajibanza pembeni ya mlango wetu; mtu akitokeza tu, kamshika mkono, habari za nyumbani, watoto hawajambo, mifugo je? Akashuka chumba cha kufulia cha jengo na kigoda chake, akidhani ni kama mtoni, wanawake watakuja kupiga soga. Alipiga soga na mashine.

Mwishowe akatoa tamko tukiwa mezani. Kama hadi kiangazi hakuna hata mlango mmoja katika jengo hili utakaomkaribisha ndani, anarudi Kigoma kwa dada yake, akafe penye watu. Mama alidhani ni utani. Mimi nililala chumba kimoja naye na nilimwona akikunja nguo zake, kwa hiyo nilijua. Niliogopa sana. Bibi ndiye aliyenisubiri na uji nikitoka shule. Kabla yake nilikuwa najifungulia mlango mwenyewe na kula mkate mkavu nikitazama televisheni.

Sasa, wiki ileile mwalimu wa historia akatufundisha njaa ya Ayalandi: viazi vikaozea ardhini, watu wakafa hata wasihesabike, waliobaki na nguvu wakapanda meli kwenda Amerika kutafuta maisha. Nikamsimulia Bibi, na kwa umbea wangu nikaongeza kwamba yule mzee wa mlango wa pili ni mtu wa huko, alikuja hapa kwa kumfuata mke wa Kiswidi.

Bibi akaacha kuchambua maharage. "Watu wa jirani wamekufa kwa njaa, na sisi hatujakwenda kuhani?"

Nikamweleza kuwa ni zamani mno, hata babu yake huyo mzee alikuwa hajazaliwa.

"Kwani kuna aliyekwenda?"

Nikasema sidhani.

"Basi msiba bado upo."

Ungemwona! Viazi marufuku ndani ya nyumba. Mama alikuwa na chipsi kwenye oveni. Bibi akafungua madirisha yote na baridi ile, harufu isije ikamfikia mfiwa. Kisha akapigia simu akina mama wa kanisani. Jumamosi wakaja wawili. Mmoja Mkenya, muuguzi, alitaka kwanza tuunde kamati na mwenyekiti. Mwingine Mkongomani, msusi, akasema kwao Bukavu matanga bila kuimba ni mkutano tu, voilà. Walibishana ndani ya lifti kutoka chini hadi juu, kila mtu na sufuria lake. Mimi ndiye mkalimani, nimefungwa kitenge kifuani, naomba ardhi ipasuke inimeze.

Wimbo ulianza kabla sijabonyeza kengele. Milango ikafunguka, jamani, ile isiyofungukaga! Mzee akatokea amevaa aproni, na harufu kutoka jikoni kwake ikatufikia puani. Alikuwa anachemsha viazi.

Bibi akakatiza ubeti. "Muulize anakulaje kilichowaua watu wake."

Nikauliza kwa Kiswidi, masikio yanawaka moto. Mzee akatutazama, vitenge na masufuria, akajibu polepole kwamba viazi havikuua mtu. Nafaka ilikuwepo, ng'ombe walikuwepo, vikapakiwa melini kwenda kuuzwa huku watu wanakufa.

"Aa, kumbe wakubwa," Bibi akasema. "Hao nawajua."

Mzee akasogea pembeni, akamwonyesha njia kwa mkono. Bibi akavua viatu, akaingia.

Mzee akatusimulia habari za watu wa kwao waliosafiri, na walioishia baharini. Bibi naye akasimulia alivyovuka ziwa, mama yangu mgongoni. Halafu akaona picha ya mwanamke juu ya kabati, na mshumaa mbele yake. Ni nani huyu? Ni mke wake. Alifariki majira ya baridi yaliyopita, na mazikoni walikuwepo walioalikwa tu, watu wachache. Ukuta mmoja na sisi, na hatukujua!

Mama Mkenya hakuitaja tena kamati. Bibi alimshika mzee mikono yote miwili akaangua kilio, kile cha kwetu, cha sauti. Mzee alishtuka kwanza, kisha akalia naye, aproni ikiwa bado kiunoni. Nami nililia, lakini mimi nililia kwa furaha, maana nilijua Bibi haendi popote. Angeanzaje kumwacha mfiwa? Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwake na uji. Viazi tulivila hukohuko siku ileile, na maharage yetu. Bibi alikiri ni vitamu, ila mpishi anaogopa chumvi.

Walikunywa chai pamoja miaka na miaka, kila mmoja kwa lugha yake, na sikuwahi kusikia wameshindwa kuelewana. Siku Bibi alipotutoka, mzee ndiye aliyefika wa kwanza, amejikongoja na mkongojo. Alikaa mkekani na akina mama, akaniuliza mbona hawajaanza kuimba. Baadaye mzee naye tukamzika.

Siku hizi naishi kwingine, Upplands Väsby. Mtu akifiwa, tunamwandikia pole kwenye kundi la simu, tumemaliza. Majirani zangu ni watu wazuri, nami ni mtu mzuri vilevile, tunapishana kwenye ngazi vizuri kabisa. Lakini nisikufiche, rafiki yangu. Nikiwa na uchungu wangu huketi karibu na mlango, nikitamani mtu agonge tu, asiniulize kwanza kama nina nafasi.