Mlolongo wa Kabiru

Ninyi mnaosema Mama Waithira ana kichwa ngumu, mlikuwa wapi mwaka ule? Mimi Jemutai, jirani yake, nilikuwa hapo.

Alikuwa na kashamba ka viazi nyuma ya mtaa wetu wa Huruma, na kando ya ua alilala mumewe, Wanyoike. Basi wakubwa wakaamua Eldoret ijengewe uwanja mpya wa mpira, wa timu za ligi. Wapimaji wakaja, wakapiga kigingi cha goli karibu kabisa na kaburi. Mama akaking'oa. Wakakirudisha, akaking'oa tena. Chifu akamwonya kwamba anapinga maendeleo, na wakati ule, jamani, neno hilo lilitosha kukulaza ndani.

D.O., yule mkuu wa tarafa, akaitisha baraza palepale shambani. Mwaka huohuo tulikuwa tumepiga kura ya mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake, kwa hivyo akasema tuamue vivyo hivyo. Wanaotaka uwanja wapange laini nyuma ya golikipa wa timu ya mji. Na golikipa alikuwa nani? Kabiru, mtoto wa Mama Waithira mwenyewe! Walimchagua makusudi, washenzi wale. Wasioutaka wapange nyuma ya kiti kitupu.

Huruma nzima ikaenda kwa Kabiru. Askari walikuwa pembeni na virungu, ungefanya nini? Mama akaenda kusimama nyuma ya kile kiti peke yake. Hakulia. Alimtazama tu mwanawe, na Kabiru akatazama chini. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia, kwa nini ajitafutie taabu?

D.O. alipoanza kuhesabu, Kabiru akatembea. Pole pole akavuka hadi upande wa pili, akasimama kando ya mamake. Na sisi tulikuwa tumeambiwa tukae nyuma ya Kabiru. Aliyekuwa wa kwanza akamfuata, wa pili akamfuata wa kwanza, na kabla mtu hajafikiria, laini yote ilikuwa imepinda ikafika kwenye kiti. Mbele ya D.O. palibaki nyasi tupu. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Kabiru, rudi mahali pako," D.O. akasema.

"Mahali pangu ni hapa, mkubwa. Yule aliyelala pale ni babangu."

Tulingoja virungu. D.O. akafunga vitabu vyake, akasema baraza limeahirishwa kwa sababu ya mvua. Jua lilikuwa linatuchoma utosini.

Jioni Land Rover ya polisi ilikuja kumchukua Kabiru. Wapimaji hawakuonekana tena, na uwanja haukujengwa pale. Kabiru naye alirudi baada ya muda mrefu, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Mpira hakudaka tena.

Siku hizi mama akipalilia kaburi, Kabiru humbebea ndoo kwa mkono wa kushoto. Nendeni basi, mkamwambie kichwa ngumu mbele ya mwanawe.