Panzi wa Oaxaca Mezani kwa Wifi

Sikwenda Mexico kupumzika. Watu wa kazini walidhani nakimbia baridi ya Toronto, nikawaacha wadhani. Nilikwenda kwa sababu wifi yangu, dada wa mume wangu, alirudi kutoka huko akisimulia panzi wa kukaanga kwa ndimu. "Watamu, wewe acha tu!" Mdomo uleule, jamani! Hauna hata haya.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikaa naye mtaa wa Mount Dennis, hapahapa Toronto, chumba na sebule. Mama yangu akanitumia kopo la senene, wale panzi wetu wa Bukoba. Aliwakamata mwenyewe, akawanyofoa mbawa na miguu mmoja mmoja, na macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia. Kwetu senene ni zawadi ya ukweni. Hawakuwa wangu, walikuwa wa mume wangu na nduguze. Wifi alifungua kopo, akaziba pua, akamwaga wote kwenye shimo la taka la ghorofa. "Humu ndani hatuli wadudu." Mume wangu akaendelea kuangalia televisheni. Mama alipopiga simu kuuliza, nikasema wamekula, wameshukuru. Msimu uliofuata haukumkuta hai.

Basi nikaingia sokoni Oaxaca, mji wa kusini mwa Mexico, na kinyongo changu. Moshi wa nyama ulinipokea mlangoni. Wanawake waligeuza chapati za mahindi kwa vidole vitupu, juu ya vigae vya moto, huku wakitaniana na wapita njia. Mzee mmoja alikuwa akisugua chungu cheusi kwa jiwe mpaka king'ae, wala hakuniangalia. Sikutaka kupapenda, nikapapenda. Halafu nikawaona panzi, makapu kwa makapu, wekundu kwa pilipili. Mama muuzaji akanimiminia kiganjani bila kuulizwa. Nilitafuna nikalia palepale, naye akacheka akanifuta uso kwa aproni yake, akidhani pilipili imenizidi. Nilinunua mfuko mzima na bakuli jeusi la kuwaandalia.

Niliporudi Toronto, wifi alikuwa amealika wakubwa wake wa kazini nyumbani kwake, nami nikaenda. Siku hizi ana nyumba, ana hata vijiko vya wageni. Nikaweka bakuli langu katikati ya meza. Bosi wake akaonja, akasifu, akamsogezea wifi bakuli. Akala! Akatafuna anatabasamu, jicho kwangu. Nikasubiri ameze. Kisha nikasema kwa Kiingereza, wote wasikie, kwamba kwetu Bukoba fundi wa panzi kama hawa alikuwa mama yangu, na kopo lake la mwisho mwenye nyumba hii alilimwaga kwenye taka. Bosi akaweka kijiko chini. Loo, nilisikia raha! Sitasema uongo, mpaka leo naisikia.

Wifi akanifuata jikoni, machozi yakimlengalenga.

"Wifi, si ungenisema tukiwa wawili? Umeniaibisha mbele ya watu. Nisamehe basi, yaishe."

"Huna la kuomba kwangu. Mama alikufa anajua ulikula ukashukuru. Kila jioni alikuwa anakuombea upate mtoto. Wale watoto wako wawili wamelala humo ndani, alianza kuwaombea kabla hujapata hata mume."

Akajishika kwenye jokofu, akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni. Sikumwinua.