Mashahidi Kumi na Wawili wa Mzee Absalom

Mimi siwezi kusimulia habari za Beldina kwa upole, kwa hivyo anayetaka upole aende kwingine. Mwaka wa themanini na saba alikuwa fundi wa nguo hapa Migosi, chumba chake cha kushonea kikipakana na changu cha kuuzia makaa. Alikuwa amekipanga miaka kumi na mmoja, na nusu ya watoto wa mtaa walivaa sare alizozishona yeye.

Mwenye nyumba, Mzee Absalom, alikuwa pia mzee wa kanisa letu. Novemba hiyo akaamua chumba kile ampe shemeji yake. Basi mtu mzima akafanya nini? Jumapili, wakati wa matangazo, baada ya yale ya harambee na mazishi, akatangaza kwamba Beldina ahame ndani ya siku saba. Kwake yeye, jambo likishasikiwa na kanisa zima limepita karatasi yoyote.

Beldina alikuwa amekaa kando yangu. Sare za Januari alikuwa ameshazikata. Akihama sasa, wateja wangemtafuta wapi, na wanawe wangekula nini?

"Huhami," nikamwambia. "Kesho tunaenda kwa baraza la kesi za wapangaji."

Siku ya kesi Absalom alikuja na mashahidi kumi na wawili, karibu kwaya nzima, wamependeza kama wa harusi.

"Mzee, notisi iko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Nilimpa kwa mdomo, bwana mkubwa. Hawa wote walisikia."

Wakasimama mmoja mmoja. Ndiyo, tulisikia. Ndiyo, siku saba. Kila mmoja alipoapa, Absalom alitabasamu na mwenyekiti akaandika.

Mwishowe mwenyekiti akavua miwani. "Mpangaji wa duka hupewa notisi ya maandishi, kwa fomu yake, na muda usiopungua miezi miwili. Mashahidi wako wamethibitisha kwamba hukuandika kitu. Mama atabaki."

Kwaya ilicheka kabla Absalom hajaelewa. Alipoelewa, akacheka pia, maskini, akampa Beldina mkono. "Umenishinda kwa watu wangu mwenyewe, mama."

Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuificha. Tulirudi kwa miguu ili kila mtu atuone. Beldina akafungua chumba, akaketi kwenye cherehani, machozi yakimtoka, akaanza kushona.

"Si upumzike leo," nikamwambia.

"Nitapumzika Februari, Seline. Sare ni nyingi, na mimi bado niko hapa."