Bambo la Mama Apollinarie

Jamani, nimemwona mama wa mchele akitoboa kompyuta ya injinia, na kilichotoka ndani kikamfanya injinia aombe maji.

Injinia mwenyewe anaitwa Vainqueur. Ni wa hapa hapa Uvira, lakini tangu asome miezi michache Bujumbura, anatembea utadhani barabara ilitengenezwa kwa ajili yake.

Mimi nilikuwa nimewatengenezea wakulima wa mchele wa Katogota ukurasa wa mtandaoni wa ushirika wao. Mkulima anaona kwenye simu mashine ya kukoboa iko huru lini.

Kila kipande nilikijenga kwa fonction ndogo, yaani kijisehemu cha code chenye jina; ukikiita, kinafanya kazi yake. Nikitaka kitufe, naita kitufe(). Nikitaka orodha, naita orodha(). Basi.

Vainqueur, ambaye naye aliitaka kazi hiyo, akaufungua mbele ya kamati ya ushirika, akaangua kicheko.

"Fanny, hii njo code? Iko bule! Siku hizi batu banaandika na template, unaona ukurasa yote na alama zake. Weye uko unaita fonction kama muntu anaita kuku."

Kamati nayo ikacheka. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Jumamosi wangechagua mmoja wetu, na kazi yangu ya msimu mzima ingetupwa kwa sababu ya kicheko cha bwana huyu.

Jumamosi akaja na ukurasa wake, tai shingoni. Tai, kwenye joto la Ruzizi!

Ukurasa wake ulifanana na wangu kama pacha, ila yeye aliongeza picha yake mwenyewe.

"Minye naandika template," akajigamba, "kisha machine inageuza yote, njo inaingia mu simu."

Mama Apollinarie, rais wa ushirika, akainua kichwa. Yule mama hapokei gunia bila kulichoma bambo, kile chuma chenye mfereji, aone mchele wa katikati. Hata gunia la mdogo wake analitoboa.

"Inageuka kuwa nini? Toboa, tuone."

"Maman, pale hakuna kitu ya kuona."

"Njo pale minye natoboaka."

Injinia akafungua ile code iliyokwisha geuzwa. Nikasoma kwa sauti, polepole, kwa raha zangu zote. Fonction, ndani yake fonction, ndani yake fonction nyingine. Zile alama zake za kujivunia, hakuna hata moja iliyobaki.

"Kumbe iko muchele moya na ya Fanny," Mama Apollinarie akasema. "Sasa weye ulikuwa unacheka nini?"

Injinia akaomba maji.

Kazi nikabaki nayo mimi. Nikadhani ataona aibu. Thubutu! Juzi nimekuta tangazo lake mtandaoni: "Njooni mujifunze kujenga ukurasa na fonction, njia mpya ya Ingénieur Vainqueur." Na tai amevaa ile ile.

Ndugu zangu, kabla hujacheka gunia la mwenzako, choma bambo kwanza kwenye la kwako. La sivyo, tembea na maji yako.